Uzi wa Turubai

Tadea alikuwa fundi wa viti vya magari, na pale gereji ya Mzee Raimundi, Mbinga mjini, watu walimjua kwa kazi yake kuliko kwa sauti yake. Asubuhi alimwamkia mzee, "Shikamoo Baba," akaketi nyuma ya cherehani kwenye kibaraza, na kutoka hapo hadi jioni kilichosikika upande ule kilikuwa cherehani tu. Shule aliishia darasa la tano, mwaka ule mama yake alipolala kitandani na mibuni ikakosa mtu wa kuichuma. Kusoma aliweza, lakini polepole, kwa kidole, na hakupenda watu wamwone akisoma.

Mbele ya kibaraza kulikuwa na kiti kirefu kilichong'olewa kwenye basi bovu. Hapo ndipo walipokaa wapenzi wa magari ya milimani. Wengine wana Simba na Yanga. Hawa walikuwa na chesisi, springi na diff-loku. Walikuwa hata na kundi lao la WhatsApp, Magari ya Mlima, lenye watu zaidi ya mia mbili kutoka Mbinga hadi Songea, na kila asubuhi ugomvi ulioachwa kwenye simu usiku ulikuja kumalizikia pale kwenye kiti cha basi.

Siku hiyo ya Alhamisi ugomvi ulikuwa mkubwa kuliko kawaida. Hamphrey, fundi umeme wa gereji, alikuwa amepata picha za gari jipya litakalotoka mwakani. Aliinua simu juu kama padri anayeinua hostia.

"Haya, tazameni wenyewe. Wamelirudisha kwenye mraba. Taa za mviringo kama za zamani. Mlisema hawa watu hawasikii, wamesikia."

Methodi alivuta ile simu. Yeye alikuwa na Landrova ya zamani iliyobeba abiria kwenda Maguu, na alipenda kusema kwamba gari lile lilimzidi umri na akili.

"Mraba wa sura tu huu. Hebu peleka ndani. Umeona? Televisheni! Mtu apande Maguu anatazama televisheni? Wenzo wa diff-loku, wa kufunga magurudumu yazunguke pamoja, uko wapi?"

"Unagusa hapo kwenye kioo."

"Unagusa. Na vidole vina matope hadi kwenye kiwiko? Mimi na Landrova yangu tunaelewana kwa kelele. Ikinguruma hivi najua, ikinguruma vile najua."

"Ikinguruma vile ujue inakuaga."

Wakacheka. Kutoka chini ya pikapu iliyoinuliwa kwa jeki, Mzee Raimundi akaongeza lake: "Na bampa ni plastiki. Gari la mlima lenye bampa ya plastiki ni sawa na ng'ombe mwenye pembe za ugali."

"Mzee, plastiki inakunjika ili usikunjike wewe," Hamphrey alisema. "Ninyi mnaangalia bati, wenzenu wanaangalia mtu aliye ndani ya bati. Sikilizeni. Huko linakotengenezwa, bila vitu hivi halitoki kiwandani, ni sheria. Linafunga breki lenyewe likiona mtu mbele. Linapiga kelele usipofunga mkanda. Linajua ukisinzia."

"Linafunga breki lenyewe!" Methodi alisimama kabisa. "Niko katikati ya mlima, nina abiria kumi na wanne na magunia ya kahawa kwenye keria. Kuku wa watu anakatiza. Gari linasimama kwa heshima ya kuku, sisi tunarudi kinyumenyume hadi bondeni. Mwambie huyo aliyelibuni aje nimpakie siku moja."

"Abiria kumi na wanne ndiyo shida, siyo breki."

"Na kelele za mkanda dawa yake naijua. Unachomeka mkanda kwenye kifungio, halafu unaukalia. Gari linadhani umejifunga, linanyamaza."

"Na ukipasuka kifua, litadhani nini?"

Nyuma ya cherehani Tadea alitabasamu peke yake. Alipenda kuwasikiliza. Alikuwa amejifunza magari yote kwa kuwasikiliza, huku mikono ikiendelea na kazi.

"Halafu lina eabegi tisa," Hamphrey alisema.

"Tisa! Najua lile puto la kwenye usukani. Mengine yanakaa wapi, kwenye buti?"

"Juu ya milango. Chini ya magoti. Na ndani ya viti. Ubavuni mwa kiti, upande wa mlango, kuna puto limekunjwa. Gari likigongwa ubavuni, linachana kiti linatoka, linakaa kati yako na mlango. Na wala siyo jambo jipya hilo. Hata haya ya mitumba kutoka Japani, mengi yanalo. Pale ubavuni utaona kilebo kidogo cha kitambaa kimeandikwa."

Cherehani likanyamaza.

Hakuna aliyeligundua hilo. Wanaume walikuwa wamehamia kwenye swali la matairi. Tadea alibaki ameinamisha kichwa, mikono miwili juu ya kitambaa, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mbali na hana hakika.

Asubuhi ile ile, saa tatu, alikuwa amemaliza gari la Nesi Mwanabibi. Nesi Mwanabibi alikuwa mtu wa Tanga aliyehamishiwa kazi Mbamba Bay, huko ufukweni mwa ziwa, na ilimchukua miaka kadhaa kupata gari lake la kwanza: la mlimani, la kijani, la mitumba lakini safi. Alitaka viti vyake vivikwe kabla havijaguswa na vumbi na samaki. "Nataka kava lisicheze, mwanangu," alisema. "Nina mtoto, na mtoto ana miguu ya kukwea."

Tadea alikuwa amelifanya lisicheze. Alizungusha ngozi bandia nyeusi kiti kizima, mgongo na ubavu, akaifunga pembeni kwa mshono wa mara mbili. Alitumia uzi wa turubai, ule ule anaoshonea maturubai ya malori ya makaa ya mawe ya mgodi wa Ngaka. Ubavuni mwa kila kiti cha mbele palikuwa na kilebo kidogo cheupe, kimechomoza kwenye mshono kama ulimi. Kilikuwa kinaharibu ulaini wa kava. Alikikata kwa mkasi, kama alivyokata vyote, akakitia kwenye kopo la pipi alilokuwa nalo kando ya cherehani. Alipenda herufi zake, jinsi zilivyofumwa zikanyooka.

Sasa alilifungua lile kopo. Vilebo vilikuwa sita. Aliweka kidole. A. I. R. Alikwenda hadi mwisho, akarudi mwanzo. Vyote sita vilikuwa na maandishi yale yale.

Alisimama. Kutoka kwenye kibaraza hadi kwenye kiti cha basi ni hatua nane, na alizitembea kama anavuka mto.

"Kaka Hamphrey. Hiki kimeandikwaje?"

Wanaume waligeuka kana kwamba cherehani lenyewe ndilo limesema.

Hamphrey alikipokea, akakisoma, akamrudishia, na kicheko kikafutika usoni. "Eabegi. Umekitoa wapi?"

"Kwenye kiti. Cha Nesi Mwanabibi."

"Lakini uliacha nafasi ubavuni, siyo? Ulipaacha wazi?"

Tadea akatikisa kichwa.

Ungedhani wangeogopa. Wao waliona ni mada mpya, na wakaidaka. Methodi alisema puto linalofyatuka kwa baruti haliwezi kuzuiwa na uzi wa fundi viti, litapita kama risasi kwenye gazeti. Hamphrey alisema huko kiwandani pale ubavuni huwekwa uzi dhaifu makusudi, ili ukatike. Kwa nini wahangaike kuweka uzi dhaifu kama wowote ungekatika? Methodi akasema hao wa kiwandani hawajui hata Maguu ilipo. Tadea alisimama katikati yao, akigeuza shingo kwa huyu na kwa yule, akingoja mmoja aseme neno ambalo lingemwondolea hofu. Hakuna aliyejua. Walijua mengi kuhusu gari la mwakani, lakini kuhusu lile lililoondoka asubuhi walikuwa wanabahatisha.

Mzee Raimundi alijitokeza chini ya pikapu, akifuta mikono.

"Sikilizeni," alisema kwa sauti ya chini. "Gari halijagonga kitu. Baada ya miezi mitatu atarudi kubadilisha oili, tutalirekebisha kimya kimya. Ukianza kulitangaza leo, Tadea, nani ataleta kiti hapa tena? Jina lako ni huo mshono."

Hakuwa mtu mbaya, Mzee Raimundi. Alimpa Tadea kile kibaraza wakati hana hata sindano, na kila mteja aliambiwa, "Mshono wa huyu binti haufumuki." Ndiyo maana maneno yake yalikuwa mazito kuyavuka. Tadea aliangalia saa ya ukutani. Saa saba kasorobo. Nesi Mwanabibi alisema atapita bohari kupakia maboksi ya dawa, kisha atateremka Mbamba Bay na binti yake wa miaka mitano. Mtoto alikuwa ameshachagua kiti: cha mbele, upande wa kushoto. Alikikalia palepale gereji, akakigongagonga kwa kiganja, akasema kinanukia vizuri.

Kubishana Tadea hakujua. Kushona alijua. Alirudi kwenye cherehani, akakata kipande cha ngozi ile ile nyeusi, akakikunja kama mfuko, akapitisha uzi wa turubai, mara mbili, kwa mkono ule ule wa asubuhi. Hakujipendelea na hakujikomoa. Aliokota tyubu ya pikipiki, akaikunja ndani, akaacha mdomo mdogo wa kupitisha valvu. Kisha akamletea Methodi ule mfuko pamoja na mpira wa kompresa.

"Jaza," alisema.

Methodi alimtazama, akamtazama mzee, akafungua hewa.

Mfuko ulivimba. Ulikuwa kama mkate, ukawa kama tikiti. Nyuzi zilikaza hadi zikang'aa. Tadea alichuchumaa mbele yake, uso karibu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliomba mshono wake ufumuke. Katika, alikuwa anauambia uzi moyoni. Katika, nakuomba, hata mmoja.

"Baruti ina kasi kuliko hii," Methodi alisema, lakini polepole, kama mtu anayejiambia mwenyewe.

"Endelea," alisema Hamphrey.

Tyubu ilitafuta njia, ikaikosa ubavuni, ikajitutumua kwa nyuma, kwenye ule mdomo wa valvu, na kupasukia huko. Kishindo kiliwatawanya kuku hadi barabarani, na mama mmoja muuza maandazi hapo jirani akashika kifua. Vumbi lilipotua, Mzee Raimundi aliuokota ule mfuko. Aliupindua. Aliuvuta ubavuni kwa mikono miwili, ile mikono inayofungua nati zilizoota kutu. Hakuna uzi hata mmoja uliokuwa umetoka mahali pake.

Akaurudisha mikononi mwa Tadea.

"Mpigie," alisema.

Simu ya Nesi Mwanabibi haikupatikana. Walipiga mara ya pili, mara ya tatu. Hamphrey alipiga bohari, akaambiwa amekwishaondoka, nusu saa haijafika. Methodi alikuwa tayari na ufunguo mkononi.

"Kwa hilo?" Hamphrey alimuuliza. "Halina hata mkanda, gari lako."

"Lina mimi. Wewe baki upige simu."

Tadea alichukua mkasi, wembe na kopo.

Landrova ilitoka mjini ikipiga kelele kama jiko la bati linaloburutwa. Mlango wa upande wa Tadea ulifungwa kwa waya. Kushoto na kulia milima iliinuka na mashamba yake ya ngoro, vishimo vimejipanga hadi kileleni, na kando ya nyumba watu walikuwa wameanika kahawa. Tadea hakuona kitu. Aliona kiti. Aliona mkono wake ukipitisha sindano ya kwanza, na ya pili, na jinsi alivyokata uzi kwa meno alipomaliza, kisha akamwambia Nesi Mwanabibi, yeye ambaye hajisifu, "Vuta uone." Nesi alivuta. Akamsifu mbele ya watu, na Tadea alifurahi hadi akashindwa kunywa chai.

Barabara ilianza kuteremka. Kila kona ilikuwa na kona nyingine tumboni mwake, na kila walipoizunguka Tadea aliangalia kingo, kama kuna pengo.

"Shika hii," Methodi alisema ghafla. Alimtupia kipande kirefu cha tyubu ya baiskeli kutoka chini ya kiti. "Zungushia kwenye chuma hicho cha nyuma, ujifunge."

"Kaka, si ulisema—"

"Nilisema ya kwangu. Wewe jifunge."

Hakumtazama. Macho yalikuwa barabarani, na mikono yake, ambayo siku zote aliendesha kwa mmoja, yote miwili ilikuwa kwenye usukani.

Joto lilianza kupanda kutoka chini, joto la ziwani. Kwenye kona moja waliliona ziwa lenyewe, la buluu, pana, tulivu, halina habari. Kwenye kona iliyofuata palikuwa na majani mabichi yamelazwa barabarani.

Methodi akakanyaga breki. Kila mtu anajua maana ya majani barabarani. Mbele yao palikuwa na mkia wa magari yaliyosimama hadi kona ya chini ilikopotelea. Bodaboda alikuwa anapanda, abiria wake amejifunika kanga usoni.

"Kuna nini huko, bwana mdogo?"

"Lori la makaa limelala. Limefunga njia yote. Na kuna kigari limekilalia kwa mbele."

"Kigari gani? Rangi gani?"

"Sikuangalia rangi, kaka. Kimejaa makaa."

Tadea alikuwa anahangaika na tyubu. Fundo alilolifunga mwenyewe lilikataa. Alilikata kwa mkasi, akapita dirishani kwa sababu ya waya wa mlango, na kukimbia.

Alikimbia kando ya magari. Watu waliokuwa wameshuka kujinyoosha walimpisha. Aliruka mtaro, akaanguka kwa goti moja, akainuka, kopo likigonga nyonga kwa kelele. Alikuwa anasema kitu lakini hakujua ni nini. Baadaye Methodi, aliyekuwa akimfuata, alimwambia kwamba alikuwa anasema "kushoto, kushoto," basi.

Lori lilikuwa limelala kwa ubavu, na makaa yametapakaa meusi barabara nzima. Kando yake palikuwa na gari dogo, pua imezikwa, bati limebonyea. Lilikuwa jeupe. Mwenyewe alikuwa amesimama pembeni, akipangusa suruali na kuwasimulia watu kwa mara ya tano jinsi alivyoruka.

Jeupe. Tadea alishika magoti, akavuta pumzi, na palepale akamwona Nesi Mwanabibi. Alikuwa amepiga magoti kwenye ukingo wa barabara, mtandio umefungwa nyuma, anamfunga mkono dereva wa lori. Hatua ishirini nyuma yake gari la kijani lilikuwa limeegeshwa, na katika dirisha la kushoto la mbele ulionekana uso wa mtoto.

"Tadea!" Nesi alishangaa. "Umenifuata hadi huku? Nimesahau nini?"

Tadea aliinua kopo amwonyeshe.

"Basi nishikie hapa kwanza. Shika mkono wake, hivyo, uuinue kidogo. Huyu bwana amevunjika, na anataka kuwa mwanaume mbele za watu."

"Polepole, sista," dereva alisema.

"Polepole ungeendesha wewe."

Tadea aliushika ule mkono. Ulikuwa wa moto, na labda kwa kuwa macho ya Nesi yalikuwa kwenye bandeji na siyo kwake, sauti ilitoka.

"Dada, viti vyako vina puto ndani. Eabegi. Ubavuni. Linatoka gari likigongwa. Mimi sikujua. Nimeshona mlango wake. Nimeushona mara mbili na uzi wa turubai. Tumejaribu gereji, haukatiki. Nilikata na alama yake."

Bandeji iliendelea kuzunguka, mara moja, mara mbili. Kisha ikasimama.

Nesi Mwanabibi aligeuka akatazama gari lake. Akatazama lori. Akarudi kumtazama Tadea, na uso wake ulikuwa umebadilika kabisa.

"Hili lori," alisema, "lilikuwa mbele yangu kutoka juu. Nilitaka kulipita pale kwenye kona. Mtoto akasema anataka kukojoa, nikasimama."

Dereva mwenyewe aliinamisha kichwa.

"Ulinikata alama, Tadea. Ulikuwa hujui maana yake, sawa. Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

"Kwa nini?"

Tadea aliyatazama makaa. "Niliona aibu kuuliza."

Nesi alimaliza fundo la bandeji kwa kuvuta kwa nguvu kuliko ilivyotakiwa, dereva akalia "Mama!" Kisha akatoa ufunguo kwenye mfuko wa gauni.

"Nenda kafumue. Sasa hivi, kabla njia haijafunguliwa. Sitembezi gurudumu moja na hicho kitu."

Mtoto alikataa kushuka. Alisema kiti ni chake. Tadea alimbembeleza, akamhamishia nyuma juu ya maboksi ya dawa, na mtoto akainamia katikati ya viti kuangalia wembe unavyofanya kazi.

"Kwa nini unakiharibu?"

"Kuna puto ndani."

"La rangi gani?"

"Sijui. Sijaliona."

"Mimi silioni."

"Halitakiwi kuonekana," Tadea alisema. "Likionekana ni balaa."

Mshono haukumwonea huruma. Alikata hatua moja ya sindano, iliyofuata ikabana. Uzi wa turubai una nta, haupukutiki. Lazima uukate, uuvute, uukate tena. Vidole vilianza kutoka damu kwenye kucha. Huko mbele watu walikuwa wamechimba njia ya gari moja kwenye makaa, na nyuma honi zikaanza. Dereva wa basi dogo alitoa kichwa, akauliza kama huyo dada anashona harusi. Methodi alivunja tawi la mti, akaliweka barabarani nyuma ya gari la kijani, akasimama juu yake amekunja mikono.

"Piteni pembeni," aliwaambia. "Hapa kuna ajali tunaitoa kabla haijaingia."

Kava lilifunguka. Ubavuni mwa kiti, kwenye mshono wa kiwandani, palikuwa na kisiki cheupe cha kile kilebo, urefu wa punje ya mchele. Tadea alikigusa kwa kidole. Uzi wa pale ulikuwa mwembamba, laini, kama wa kushonea blauzi ya mtoto. Aliutazama kwa wivu kidogo. Mtu fulani, mahali fulani, alikuwa fundi kiasi cha kujua pa kushona udhaifu.

Akahamia kiti cha kulia.

Alipomaliza, Nesi Mwanabibi alikuwa amesimama nyuma yake, mikono imejaa weusi wa makaa. Aliingiza kiganja ubavuni mwa kiti cha mtoto, akapapasa, akakiacha hapo.

"Wallahi sijui nikushukuru au nikuchape."

"Nichape, dada."

"Nitakuchapa Jumamosi ya wiki ijayo, nikija unishonee upya. Uache wazi hapa. Na uulize, Tadea. Uulize hadi watu wakuchoke." Akaliona kopo juu ya dashibodi, kifuniko kimefunguka. Alihesabu kwa macho. "Hivi viwili ni vyangu. Na hivi vinne?"

Swali hilo Tadea alikuwa amelikimbia njia nzima. Vinne ni magari mawili. Moja lilikuwa la Bwana Egidi wa duka la pembejeo, huyo anamjua. Jingine lilikuwa la mgeni mmoja aliyepita mwezi uliopita na mkewe na watoto, akielekea Songea na mbele zaidi. Gari la rangi ya fedha, la mraba. Jina lake hakuna aliyeliandika.

Nesi Mwanabibi hakungoja jibu. Alimrudisha mtoto kwenye kiti chake, akaliwasha gari, kengele ya mkanda ikalia, akaufunga wake, akageuka kuukaza na wa mtoto. Makava yaliyofumuliwa yalining'inia pande zote mbili. Gari la kijani lilipita polepole kwenye makaa, likashuka kuelekea ziwani, na Tadea alilitazama kila kona lilipotokea hadi likawa dogo kama punje ya kahawa mbichi.

Njiani kurudi, Landrova ikinguruma kwa namna ambayo Methodi peke yake ndiye aliyeielewa, Tadea alimwomba simu.

"Unampigia nani?"

"Wale wa kundi."

Methodi aliifungua, akamwonyesha pa kubonyeza. Tadea aliishika karibu na mdomo. Mara mbili alibonyeza akaachia bila kusema kitu. Watu zaidi ya mia mbili, wanaume karibu wote, wanaojua kila nati. Mara ya tatu hakuachia.

"Shikamooni, na hamjambo. Mimi naitwa Tadea, nashona viti kwa Mzee Raimundi, Mbinga. Kuna gari la rangi ya fedha lilipita kwangu mwezi uliopita, la baba mwenye watoto watatu, linakwenda Songea. Viti vyake nimevikosea mimi. Puto la ubavuni haliwezi kutoka. Anayemjua amwambie akate mshono wa pembeni kwa wembe, asingoje kuja kwangu. Na kama kuna fundi mwingine anayevika viti, kile kilebo cheupe msikikate. Mimi nilikikata. Naomba mnisaidie kumtafuta."

Akainua kidole. Ujumbe ulipanda, ikatokea alama ndogo ya saa, ikakaa pale.

"Mtandao hakuna huku," Methodi alisema. "Utakwenda tukifika juu."

Tadea hakuiondolea macho. Kwa mkono mwingine alitafuta kipande cha tyubu kilichobaki, akakizungusha kwenye chuma, akajifunga, na kukaza.